Nani alichangia dawa ya mtoto wa Ulaya?

Bongo tunajua kuchangia. Harusi, kicheni pati, kipaimara, msiba. Kila mwezi kadi zinakukuta ofisini, na mweka hazina wa kamati anakupigia simu kuliko hata mchumba wako. Lakini jiulize, ni lini mara ya mwisho umeletewa kadi ya kuchangia utafiti? Mimi sijawahi. Ndiyo maana nilipokwenda Kilosa na Mikumi kufuatilia habari ya familia moja iliyouguliwa na mtoto, swali lililonikaa kichwani halikuwa la nauli wala chakula. Nilijiuliza hivi: dawa zilizomtibu huyu mtoto, nani alilipia kuzitafuta? Nikaanza kusoma. Nilichokikuta kinatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kuliko nilivyofundishwa shuleni.

Kansa yenyewe inaitwa limfoma ya Burkitt. Huwapata watoto, mara nyingi kwenye taya au tumboni, na inakua kwa kasi ya kutisha. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Jina ni la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mlokole, aliyepoteza jicho moja akiwa mtoto, na aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake wa watoto, Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mwingine wa namna ile ile. Mtu mwingine angesikitika akaendelea na kazi zake. Yeye akaanza kufukua mafaili ya hospitali, na mwaka 1958 akaandika makala yake ya kwanza juu ya ugonjwa huo.

Sasa tufungue daftari la michango. Fungu la kwanza la utafiti alilopata Burkitt lilikuwa pauni 25. Ndiyo, ishirini na tano. Alizitumia kwa vipeperushi vyenye picha, akavisambaza hospitali za Afrika akiuliza swali moja tu: huko kwenu mmewahi kuona kitu kama hiki? Oktoba 1961, wakati Tanganyika inahesabu wiki kuelekea uhuru, akapanda gari na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Gari lilikuwa Ford ya mwaka 1954, mtumba, pauni 250. Walisafiri wiki kumi, maili 10,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama kwenye hospitali zaidi ya 50 na kurudia swali lile lile. Gharama yote haikufika pauni 700. Siku hizi kuna semina za siku mbili zinazokula zaidi ya hapo kwa posho peke yake, lakini tuyaache hayo.

Walichorudi nacho kilikuwa ramani. Uganda na Kenya, ugonjwa ulipotea ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi. Kila walivyosogea kusini, mstari ule ulishuka. Maana yake kikwazo hakikuwa mwinuko wenyewe, kilikuwa baridi. Kansa ilikaa penye joto na mvua, na ramani yake ikafanana na ya magonjwa yanayoletwa na mbu. Mtu wa Kilosa hahitaji profesa wa kumweleza hili. Kilosa mjini na Mikumi ziko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kuna joto, kuna mto Mkondoa unaojaa mpaka kubeba reli kama ulivyofanya kwenye mafuriko ya mwanzoni mwa 2010, na malaria ni jirani wa kila nyumba. Geuka uangalie milima ya Ukaguru, inayopita mita 2,000. Kule unalala na sweta. Ukiuchora mstari wa Burkitt, unapita humo humo.

Kabla ya safari hiyo, Machi 22, 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, hospitali ya Middlesex. Aliyekuwa amekaa akisikiliza ni Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi, ambaye alihisi hapo hapo kwamba nyuma ya jambo hili kuna kirusi. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikaanza kupandishwa ndege kutoka Kampala kwenda London. Zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani ikampa dola 45,000, akaendelea. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr, cha kwanza duniani kuhusishwa na kansa ya binadamu. Baadaye ilijulikana kwamba karibu sote tunacho. Kwa watoto wa ukanda wetu, malaria ya mara kwa mara ndiyo inayokisaidia kufanya uharibifu. (Achong, jina lake halimo kwenye jina la kirusi.)

Turudi nyuma kidogo, Boston, Mei 1948. Daktari Sidney Farber, aliyekuwa ameanza kuwatibu kwa dawa watoto wenye kansa ya damu, alimweka redioni mtoto wa miaka 12 aliyeitwa Jimmy. Halikuwa jina lake halisi. Wasikilizaji waliombwa wachange dola 20,000, na mtoto angenunuliwa televisheni aangalie timu yake ya besiboli. Zikaja zaidi ya dola 200,000, nyingi zikiwa hela ndogo ndogo za watu wa kawaida. Ndiyo mfuko uliojenga taasisi ya Farber. Jimmy naye, Einar Gustafson kwa jina halisi, aliugua limfoma ya utumbo, ndugu wa ugonjwa tunaouzungumzia. Kila mtu alidhani alishafariki zamani, mpaka alipojitokeza hadharani mwaka 1998. Aliishi hadi 2001. Dawa aliyoanza nayo Farber ina dada yake, methotrexate, ambayo Burkitt aliitumia Kampala na ambayo bado inatumika. Sisemi sarafu za redioni ndizo zilizoinunua. Nasema zilizoea kutoka mfukoni kwa ajili ya jambo ambalo mchangaji hatalishika mkononi.

Na sisi je? Hatukuchanga? Tulichanga, tena sana, ila si hela. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, West Nile, Uganda, watoto wapatao 42,000 walitolewa damu, ikahifadhiwa, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kuona nani ataugua. Waliougua walikutwa tangu zamani walikuwa na kinga nyingi kupita kiasi dhidi ya kirusi kile. Ushahidi mkubwa kabisa wa kukihusisha kirusi na ugonjwa ulitoka kwenye mikono ya watoto hao. Kwetu Tanzania ikawa Mara Kaskazini. Kuanzia 1977 hadi 1982 watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama malaria ikipungua, kansa nayo itapungua. Malaria ilishuka mwanzoni, halafu ikapanda tena vidonge vikiendelea kugawiwa. Kansa nayo ilishuka, lakini ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya vidonge. Ripoti ilipotoka 1989 haikuweza kutoa jibu la uhakika. Hebu fikiria mama wa Shirati aliyemmezesha mtoto kidonge kichungu kwa miaka mitano. Jina lake halimo kwenye daftari lolote.

Sasa nije kwenye familia yenyewe. Wanatoka Ulaya. Msicheke, Ulaya ni kijiji cha wilaya ya Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi, na utani wa "mtoto wa Ulaya" wameshauchoka. Mtoto alikuwa na miaka sita. Meno yalilegea, zahanati moja wakang'oa jino, shavu likazidi kuvimba. Wakaenda kwa mganga, akachanjwa. Wiki tatu zikapita, na kwa ugonjwa huu wiki tatu ni umri mzima. Muuguzi mmoja ndiye aliyewaambia waende Muhimbili bila kuchelewa. Matibabu ya watoto wenye kansa pale ni bure, kwa ushirikiano wa hospitali na shirika la Tumaini la Maisha. Nauli si bure, na mama akikaa Dar miezi kadhaa shamba halipaliliwi. Kijiji kikafungua daftari la shule: elfu moja, mia tano, debe la mahindi, kuku.

Mtoto alitibiwa na dawa tatu, mojawapo vincristine, inayotokana na lile ua la waridi na jeupe tunalolipanda mbele ya nyumba na makaburini. Siku moja daktari aliomba ridhaa achukue damu ya ziada kwa ajili ya utafiti. Mama akagoma. Baba aliwahi kuwa kibarua kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Ilonga, nje kidogo ya Kilosa mjini.

"Nikamwambia, mama, hii ni kama Ilonga," alinisimulia. "Unapanda vishamba, unahesabu masuke, jioni unarudi nyumbani mikono mitupu. Mbegu anakuja kuipata jirani, miaka mitano mbele. Lakini ule mtama wa Tegemeo tuliopanda sisi, si kuna vibarua waliuhesabu?"

Mama akaweka dole gumba.

Mtoto alimaliza matibabu na amerudi shule. Daftari lilibaki na shilingi 74,000. Baba akasimama kwenye kikao akapendekeza zipelekwe kwenye utafiti. Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, utafiti si una Wazungu wake? Hii tuiweke nauli ya mtoto atakayefuata."

Siwezi kumlaumu huyo mzee. Nimewasomea daftari lote: pauni, dola, na hata utafiti wa karibuni wa kuitambua kansa hii kwa kipimo cha damu, unaofanywa na wataalamu wetu wa Tanzania na Uganda pamoja na Oxford, umelipiwa na serikali ya Uingereza. Lakini kuna jambo hakulijua. Mwaka 2012 kundi lililoongozwa na Profesa Twalib Ngoma wa Ocean Road lilichapisha matokeo ya wagonjwa 356 wa Tanzania, Kenya na Nigeria, waliotibiwa kwa dawa tatu zile zile. Baada ya miaka miwili asilimia 62 walikuwa hai. Nchi tajiri wanapita asilimia 90, kwa dawa kali zaidi na uangalizi ambao wodi zetu nyingi hazina. Hiyo tofauti ya asilimia karibu 30 hakuna Mzungu mwenye haraka nayo kutuzidi.

Kikao kiliahirishwa. Mweka hazina aliniambia hela bado ipo kwenye laini yake ya simu, na hajaigusa hata kwa vocha.