Minyoo bapa katika kuku wa sokoni: jinsi wanavyotambuliwa

Kuku anayeuzwa akiwa hai huchaguliwa kwa macho na kwa mkono. Mnunuzi humtazama upanga, humpapasa kifua, kisha humnyanyua ili kukadiria uzito wake. Ukaguzi huo hauwezi kuonyesha kilichomo ndani ya utumbo, na kuku mwenye manyoya mazuri aweza kuwa amebeba minyoo bapa kwa muda mrefu.

Kwa kaya nyingi za vijijini Afrika Mashariki, kuku ni akiba. Huuzwa ili kulipa karo, dawa au nauli. Minyoo humpunguzia kuku uzito na utagaji, na hivyo humpunguzia mfugaji kipato. Hata hivyo, kuambiwa tu kwamba kuku ana minyoo hakumsaidii sana mfugaji. Dawa inayowaondoa minyoo duara yaweza kuwaacha minyoo bapa walivyo, na kila aina ya mnyoo bapa ina njia yake ya kumfikia kuku. Kumtambua mnyoo kwa jina ndiko kunakoelekeza tiba na kinga.

Minyoo bapa ni wepi?

Minyoo bapa wanaoishi ndani ya ndege wamegawanyika katika makundi makuu mawili. La kwanza ni tegu, wenye mwili mrefu mithili ya utepe uliogawanyika katika pingili nyingi. La pili ni minyoo wenye umbo la jani, ambao hawana pingili.

Makundi yote mawili hutofautiana na minyoo duara, ambao mwili wao ni mviringo kama uzi au kamba. Tegu hana mdomo wala utumbo. Hufyonza chakula kilichokwisha kusagwa na kuku kupitia ngozi yake.

Safari kutoka kijijini hadi sokoni

Kuku wa kienyeji wanaouzwa katika masoko kama Shekilango jijini Dar es Salaam, au Burma jijini Nairobi, hutoka sehemu mbalimbali za nchi. Wengi wa wale wanaofika Dar es Salaam hutoka mikoa ya kati, ikiwemo Singida na Dodoma. Husafirishwa wakiwa wamesongamana katika matenga, kisha huchanganywa na kuku wa kutoka kwingineko.

Tegu hawaambukizi moja kwa moja kutoka kuku mmoja hadi mwingine. Pingili zenye mayai hutoka pamoja na kinyesi, mayai humezwa na mdudu au konokono, na kuku huambukizwa amlapo mdudu huyo. Tegu wengi wa kuku huanza kutoa pingili wiki mbili hadi tatu baadaye. Kwa hiyo tegu mkubwa aliyekomaa ndani ya kuku aliyefika sokoni jana ni ushahidi wa mahali alikofugwa kuku huyo, na muuzaji wa sokoni hastahili kulaumiwa kwa sababu hiyo pekee.

Dalili kwa kuku aliye hai

Kukonda, kuharisha, kupauka kwa upanga na kupungua kwa mayai ni dalili zinazoshabihiana na za maradhi mengine mengi. Dalili iliyo wazi zaidi ni vipande vyeupe juu ya kinyesi kibichi, mithili ya punje za mchele. Hizo ni pingili za tegu, na baadhi yake huonekana zikijongea.

Kinyesi hupimwa pia kwa hadubini. Yai la tegu lina kiinitete chenye vikulabu sita, alama inayolitofautisha na yai la mnyoo duara. Lakini mayai mengi hubaki yamefungiwa ndani ya pingili, hivyo kipimo hicho chaweza kuonyesha kuwa kuku ni mzima ilhali ana tegu.

Uchunguzi baada ya kuchinja

Jibu la uhakika hupatikana kuku akishachinjwa. Utumbo hupasuliwa kwa mkasi kwa urefu wake wote ungali mbichi, kwani minyoo huoza upesi. Huwekwa katika maji ya chumvi kidogo, ndani ya chombo cheusi, ili minyoo weupe waonekane.

Kosa la kawaida ni kumvuta tegu kwa nguvu. Mwili hukatika na kichwa hubaki kimeng'ang'ania ukuta wa utumbo, nacho ndicho kinachobeba alama muhimu za utambulisho. Njia bora ni kuacha kipande cha utumbo ndani ya maji ya chumvi hadi tegu ajiachie mwenyewe.

Baadaye mnyoo hubanwa taratibu baina ya vioo viwili, huhifadhiwa katika alkoholi ya asilimia 70, na hutiwa rangi nyekundu ya karmini kabla ya kutazamwa kwa hadubini. Iwapo kichwa kimepotea, maabara yenye uwezo yaweza kupima vinasaba. Kwa kipimo hicho alkoholi hufaa kuliko fomalini, ambayo huharibu vinasaba.

Kichwa ndicho kitambulisho

Jamii ya Raillietina, iliyopewa jina la mtaalamu wa mifugo wa Ufaransa Alcide Railliet, huonekana mara nyingi katika kuku wanaojitafutia chakula. Aina tatu hutofautishwa hivi:

Raillietina echinobothrida aweza kufikia sentimita 34. Vinyonyeo vyake vinne ni vya duara na vimezungukwa na vikulabu. Huenezwa na sisimizi.

Raillietina tetragona hufikia takriban sentimita 25. Vinyonyeo vyake vina umbo la yai, navyo vina vikulabu. Naye huenezwa na sisimizi.

Raillietina cesticillus ni mfupi zaidi, kwa kawaida hazidi sentimita 15. Kichwa chake ni kipana, chenye mamia ya vikulabu vidogo kileleni, lakini vinyonyeo vyake havina vikulabu. Huenezwa na mbawakawa.

Davainea proglottina ni rahisi kupitwa na macho. Ana urefu wa takriban milimita nne na pingili zisizozidi tisa, na hukaa mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Licha ya udogo wake, ni miongoni mwa tegu wenye madhara makubwa kwa kuku wachanga. Huenezwa na konokono wasio na koa. Choanotaenia infundibulum, kwa upande wake, huenezwa na nzi wa nyumbani na mbawakawa.

Minyoo wenye umbo la jani

Kundi hili huhitaji konokono, na kwa hiyo huonekana zaidi kwa bata na kuku wanaofugwa karibu na maji. Echinostoma revolutum hutambuliwa kwa ukosi wa miiba 37 kuzunguka kichwa chake. Prosthogonimus hukaa katika mrija wa mayai, na kuku humpata kwa kula kereng'ende au viluwiluwi vyake. Mayai yenye ganda laini yaweza kuwa ishara ya kuwepo kwake.

Vinundu vinavyopotosha

Raillietina echinobothrida husababisha vinundu katika ukuta wa utumbo, ambavyo hufanana na vile vya kifua kikuu cha ndege. Mkaguzi hukata kinundu na kutafuta kichwa cha tegu, kisha huchunguza ini na wengu, viungo ambavyo kwa kawaida hushambuliwa na kifua kikuu. Kosa hapa lina gharama: kundi zima laweza kuangamizwa bila sababu, au ugonjwa wa hatari ukapita bila kugunduliwa.

Aidha, vifo vya ghafla vya kuku wengi visihusishwe na minyoo kwa haraka. Huenda ni mdondo au mafua ya ndege. Kuku wa namna hiyo wasipasuliwe nyumbani. Afisa mifugo aarifiwe.

Dawa, kinga na mlaji

Piperazini, dawa inayouzwa sana kwa wafugaji, huondoa minyoo duara wakubwa lakini haiwaui tegu. Dawa kama prazikwanteli huwaua tegu, ila kipimo chake, pamoja na muda wa kusubiri kabla ya kula nyama au mayai, hupangwa na mtaalamu wa mifugo.

Tiba pekee haitoshi ikiwa mdudu anayeeneza mnyoo amebaki. Kuondoa kinyesi na kukausha banda hupunguza nzi na mbawakawa, na kuwaweka kuku mbali na madimbwi huwaepusha na konokono na kereng'ende. Kuku aliyenunuliwa sokoni atengwe kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wengine.

Kwa mlaji, tegu waliotajwa hapa hawaambukizi binadamu kwa njia ya nyama ya kuku. Watu waliopata Echinostoma, hasa barani Asia, walikula konokono au viumbe wengine wa majini wakiwa wabichi. Utumbo wenye minyoo utupwe au uzikwe mahali kuku wasipoweza kuufukua, mikono ioshwe kwa sabuni, na nyama ipikwe hadi iive kabisa.