Ugenini Kongwa: Wageni, Wenyeji na Siku za Mapumziko katika Uwanda wa Kati wa Tanzania

Utangulizi

Kongwa, mji mdogo ulioko mashariki ya Dodoma, umeingia katika vitabu vya historia mara mbili. Mara ya kwanza uliingia kwa sababu ya mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza, uliofutwa mwaka 1951. Mara ya pili uliingia kwa sababu ya kambi za wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika zilizofunguliwa mwaka 1964. Habari hizi mbili huelezwa mbalimbali, kana kwamba zilitokea katika nchi mbili, na kila moja huelezwa kwa msamiati wake: ya kwanza kwa ekari, matrekta na pauni, ya pili kwa bunduki, mikakati na majina ya viongozi.

Mhadhara huu unazitazama habari hizo kwa pamoja na kwa upande mwingine, yaani upande wa maisha ya kila siku ya watu waliokuja kuishi Kongwa wakiwa ugenini. Mkazo unawekwa kwenye siku za mapumziko. Siku ya kazi mtu huenda anakopelekwa na hukaa na wale aliopangiwa. Siku ya mapumziko huenda anakotaka na hukaa na anayempenda. Kwa hiyo siku hiyo, kuliko nyingine zote, ndiyo inayoonyesha mgeni ana uhusiano gani na mwenyeji. Na kwa kuwa hakuna uhusiano pasipo mazungumzo, lugha ni kipimo kizuri cha uhusiano huo.

Mgeni na hongo

Hapana budi kuanza kabla ya karanga. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, na ile iliyorudi pwani na pembe za ndovu, ilipita Ugogo. Nchi hiyo ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki maji hupatikana kwa kuchimba visima katika mikondo ya mito mikavu. Kisima kilichochimbwa na watu wa mahali hakikuweza kuwa mali ya kila mpita njia. Ndiyo maana watemi wa Ugogo walidai hongo, yaani malipo ya nguo, shanga au waya, kabla ya msafara kuteka maji na kuendelea na safari. Burton, Speke na Stanley wote waliilalamikia desturi hiyo katika maandishi yao.

Leo neno hongo lina maana ya rushwa. Mabadiliko hayo ya maana yamefunika jambo muhimu. Kwa mtazamo wa mwenyeji wa Ugogo, hongo haikuwa malipo ya siri ya kupotosha haki. Yalikuwa malipo ya wazi, yaliyojadiliwa mbele ya watu, na yaliyokubali kwamba nchi ina wenyewe na kwamba mgeni, hata akiwa na bunduki nyingi, anatumia kitu kilichopatikana kwa jasho la wengine. Fikra hiyo inafaa kuwekwa akilini wakati wa kuwatazama wageni waliofuata.

Familia za mpango wa karanga

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula uliokuwako Uingereza baada ya vita. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitembelea Tanganyika mwaka huohuo, na ukatokea mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ya kufyeka ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Msagali. Matrekta mengi yalikuwa chakavu, mabaki ya jeshi. Hata vifaru vya Sherman vilibadilishwa ili ving'oe mibuyu na vichaka. Udongo mwekundu wa Kongwa ulilainika wakati wa mvua na kukauka kama tofali mara kiangazi kilipoingia, hata karanga hazikuweza kung'olewa. Mpango ulipofutwa Januari 1951, hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36.

Takwimu hizo zinajulikana. Lisilokumbukwa sana ni kwamba Kongwa ulikuwa pia mji wa familia. Wataalamu na mafundi wa Kiingereza waliishi kwanza katika mahema, kisha wakafuatwa na wake na watoto wao. Zikajengwa nyumba, hospitali, kilabu, na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu iliyofunguliwa mwaka 1948. Hata ndani ya jamii hiyo ndogo watu walipangwa kwa vyeo: mtaa wa wakubwa ulipewa kwa kejeli jina la Safu ya Mamilionea.

Siku za mapumziko familia hizo zilikwenda kilabuni, zilipanda vilima vya Sagara vilivyo karibu na shule, au zilisafiri kwa gari hadi Mpwapwa na Dodoma. Katika kumbukumbu za watu waliosoma katika shule ile, vilima, vumbi na wanyama vinatajwa kwa mapenzi makubwa. Si haki kuyabeza mapenzi hayo; mtoto hupenda nchi anayokulia. Hata hivyo, katika matembezi hayo Mgogo alionekana kwa mbali tu, akichunga ng'ombe au akipita njiani. Kilabu haikuwa yake, na shule haikuwa ya watoto wake.

Kiswahili kilichotumika kati ya makundi hayo mawili kilifanana na mpaka wenyewe. Kilikuwa tawi la kile ambacho wataalamu wa lugha wamekiita Kisetla, lugha ya mwajiri na mtumishi, ambayo vitenzi vyake karibu vyote viko katika hali ya kuamuru: lete, ngoja, weka, ondoa. Lugha ya namna hiyo haina nafasi ya kuuliza habari za nyumbani. Haina majina ya undugu, kwani anayeamuru hahitaji kujua kama anayeamriwa ni baba au mjomba wa mtu.

Ikumbukwe pia kwamba Wazungu hawakuwa wageni pekee. Maelfu ya vibarua na madereva walitoka pande zote za Tanganyika, nao waliishi mbali na kwao. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulipoenea bara kwa kufuata reli, Kongwa nako kazi ilisimama. Wageni hao wa Kiafrika walizungumza wao kwa wao Kiswahili cha aina nyingine, chenye utani, nyimbo na malalamiko. Kwa hiyo katika mji mmoja, katika miaka ileile, Kiswahili kilikuwa ukuta kwa upande mmoja na mlango kwa upande wa pili.

Kambi na mji

Mpango ulipokufa, sehemu ya ardhi ikawa ranchi ya ng'ombe, na shule ikafungwa mwaka 1958; nafasi yake ikachukuliwa na shule mpya iliyojengwa Iringa. Majengo matupu yalibaki. Mwaka 1964 serikali ya Mwalimu Nyerere iliikabidhi Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika eneo la Kongwa ili vyama vya ukombozi viweke kambi zao. Walikuja wapiganaji wa FRELIMO kutoka Msumbiji, wa SWAPO kutoka Namibia, wa ANC kutoka Afrika Kusini, na baadaye wa MPLA kutoka Angola. Samora Machel na Chris Hani ni miongoni mwa waliokaa pale.

Kwa wengi wao kazi kubwa ya Kongwa haikuwa vita bali kungoja. FRELIMO ilianza mapambano Septemba 1964 kwa kuwa Msumbiji ilipakana na Tanzania. Lakini kati ya Kongwa na Namibia au Afrika Kusini kulikuwa na nchi nyingine za kuvuka. Siku zilijaa gwaride, masomo ya siasa, kupika na kulima bustani. Kambi zilisimamiwa na maofisa wa Tanzania, na mtu hakuruhusiwa kutoka ovyo. Ndiyo sababu ruhusa ya kwenda mjini siku ya mapumziko ilikuwa na thamani kubwa. Huko kulikuwa na soko, vilabu vya pombe, kanisa, na watu wasiokuwa wanajeshi.

Wenyeji waliwapokea wageni hao kwa lugha. Kwa msikilizaji wa Bantu masikio hayakuanza na utupu. Mtu, ambaye kwa Kigogo ni munhu, kwa Kikwanyama cha kaskazini ya Namibia ni omunhu, na kwa Kizulu umuntu. Kula ni kulya kwa Kigogo, okulya kwa Kikwanyama na ukudla kwa Kizulu. Mfanano huo hautoshi kumfanya mtu aelewe mazungumzo, lakini unatosha kumwondolea hofu ya kujifunza. Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya kwanza ya Mgogo wala ya Mwovambo, kilikuwa mahali pa kukutania ambapo wote wawili walifika wakiwa wametoka kwao.

Mabadiliko makubwa yalikuwa katika namna ya kuitana. Katika hotuba za siasa mgeni aliitwa ndugu, na katika nyaraka aliitwa mpigania uhuru. Wengine walimwita mkimbizi tu. Lakini mgeni aliyezoea kwenda kwenye nyumba moja kila juma hakuweza kubaki ndugu wa hotubani. Aligeuka kuwa shemeji, kisha mkwe, na mtoto alipozaliwa akaitwa baba fulani. Kisetla hakikuwa na safari hiyo ya majina. Kiswahili cha nyumbani kilikuwa nayo.

Hapa ndipo ugumu ulipoanza. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi ndoa ya Wagogo ilivyosimama juu ya ng'ombe wa mahari na juu ya mapatano ya koo mbili. Mpigania uhuru hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na baba mdogo wa kumsemea wala mshenga wa ukoo. Chama chake, ambacho kilipaswa kuchukua nafasi ya wazee, kilimhesabu kuwa askari anayeweza kuhamishwa siku yoyote. Mwanahistoria Christian Williams, aliyechunguza kambi ya SWAPO, ameonyesha kwamba maisha ya kambi hayaeleweki bila kuutazama uhusiano wake na watu waliokuwa nje ya kambi. Uhusiano huo ulikuwa na mapenzi na pia ugomvi, ahadi na pia kutoweka.

Waliobaki

Mwaka 1969 wapiganaji wa ANC waliondolewa Tanzania na kupelekwa Urusi ya Kisovieti kwa muda. Katika miaka iliyofuata shughuli za SWAPO nazo zilisogea kusini, Zambia na baadaye Angola. Msumbiji na Angola zilipata uhuru mwaka 1975, Namibia mwaka 1990, na Afrika Kusini ilifanya uchaguzi wa watu wote mwaka 1994. Kila tarehe kati ya hizo ni sikukuu. Kwa baadhi ya nyumba za Kongwa kila moja ilikuwa pia siku ya kuuliza kama mtu fulani yu hai, na kama akiwa hai atarudi.

Wako wanawake wa Kitanzania waliowafuata waume zao. Arianna Lissoni na Maria Suriano, katika makala yao ya mwaka 2014, wameandika habari za Watanzania walioolewa na wanachama wa ANC, pamoja na matatizo waliyokutana nayo walipofika Afrika Kusini, wakiwa sasa wao ndio wageni. Wengine walibaki na watoto wenye majina ya ukoo ambayo hayakuwa na maana yoyote kwa majirani. Sheria nayo haikuwatazama wanawake kwa usawa: Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 ilimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, lakini haikumpa njia hiyo mwanamume wa kigeni aliyemwoa raia.

Hitimisho

Kulinganisha vipindi hivi viwili si kusema kwamba kimoja kilikuwa kibaya na cha pili kizuri. Familia za karanga ziliishi karibu na wenyeji bila kuwajua, zikaondoka na kuacha mashimo, majengo na ranchi. Wapigania uhuru waliishi na wenyeji hadi ndani ya nyumba zao, na kwa sababu hiyohiyo kuondoka kwao kuliumiza zaidi. Ukuta wa Kisetla ulimnyima mwenyeji heshima, lakini pia ulimkinga asidaiwe kitu cha moyoni. Mlango uliofunguliwa baadaye ulimpa heshima ya kuitwa mama na mkwe, ukamwachia na mzigo wa kulea.

Katika karne ya 19 msafara ulilipa hongo kabla ya kunywa maji. Katika karne ya 20 wageni wa Kongwa walikunywa kwanza. Tanzania ilitoa ardhi na ulinzi kwa ajili ya uhuru wa wengine, na inastahili sifa inayopewa. Lakini taifa lilitoa kwa mikono ya watu maalumu, na wengi wao walikuwa wanawake wa mji mmoja mdogo katika nchi kame, ambao majina yao hayamo katika orodha za mashujaa.

Kazi inayowasubiri wanafunzi wa Kiswahili ni ya haraka. Mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1964 sasa amepita miaka 80. Maneno aliyowaitia wageni, mchanganyiko wa Kigogo, Kiswahili na lugha za Kusini uliotumika jikoni mwake, na majina aliyowapa watoto wake ni hazina ya isimujamii na ya historia kwa pamoja. Nyaraka za vyama zimehifadhiwa katika makumbusho na vyuo vikuu vya nchi kadhaa. Ushahidi wa wanawake hao umehifadhiwa katika kumbukumbu zao wenyewe, na hauna nakala.