Gia Uliyopandia Ndiyo Ushukie: Historia Fupi ya Mkono wa Kushoto

"Gia uliyopandia ndiyo ushukie." Ni maneno manne tu, na dereva yeyote wa lori aliyezeeka kwenye barabara za nyanda za juu anayajua. Maana yake si ngumu: kama mlima umeupanda kwa gia namba mbili, uteremke kwa namba mbili hiyohiyo, hata kama barabara mbele ni nyeupe na injini inalalamika. Mimi nilifundishwa kuendesha Izia, mjini Sumbawanga, kwenye pikapu ya gia za mkono, na sentensi hiyo ndiyo ilikuwa somo la kwanza. Tangu hapo nimekuwa nikiichukulia kama kipande cha fasihi simulizi. Methali zetu nyingi zimetoka shambani, baharini na jikoni. Hii imetoka kwenye gia boksi, na nyuma yake kuna historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na maneno. Usukani tuliurithi kwa mabaharia: kabla ya kuwa duara mbele ya dereva, ulikuwa kifaa cha kuongozea chombo majini. Kwa hiyo gari lilipofika, neno la kuliongoza lilikuwepo tayari. Lakini gia, klachi, nyutro, rivasi na breki vilishuka melini pamoja na vyuma vyenyewe. Jahazi halina klachi. Hakukuwa na kazi ya zamani ya kuilinganisha na hii ya mkono wa kushoto ndani ya gari, mkono uleule ambao kwetu hatuutumii kula wala kusalimia. Ilibidi mkono ufundishwe upya.

Kwa nini gari linahitaji gia kabisa? Punda akipakiwa mzigo mzito hupunguza mwendo, lakini bado anavuta. Injini ya petroli au dizeli haiko hivyo. Ikizungushwa polepole mno inakata pumzi na kuzima. Gia ndiyo inayoiruhusu injini izunguke haraka huku magurudumu yakienda taratibu, ili nguvu ipatikane ya kuondoka au kupanda. Huko Ufaransa, miaka ya 1890, magari ya Panhard et Levassor yalitumia gia za kutelezeshwa: dereva anasukuma gurudumu lenye meno liingie ndani ya jingine ambalo tayari linazunguka. Meno yakikutana kwa mwendo tofauti, yanasagana kwa kelele ya kutisha. Ni katika enzi hiyo ya gia za kulazimishana ndipo Paul Graetz, ofisa wa Kijerumani, alipotoka Dar es Salaam kwa gari Agosti 1907, akaikata Afrika hadi Swakopmund, alikofika Mei 1909. Karibu miaka miwili njiani. Leo tunalalamikia foleni ya Kimara.

Ili meno yasisagane, madereva walibuni mbinu ya kukanyaga klachi mara mbili. Unakanyaga, unatoa gia hadi nyutro, unaachia. Kama unapanda gia, unasubiri kidogo injini ipoe mwendo. Kama unashusha, unapiga resi kidogo ili injini ikimbie ilingane na magurudumu. Ndipo unakanyaga tena na kuingiza gia. Yote hayo kwa muda wa pumzi moja. Hakuna mshale wala taa ya kukuambia sasa ni wakati. Ni sikio tu.

Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta dawa: sinkromeshi, uvumbuzi wa mhandisi Earl Thompson. Wazo lake ni rahisi. Kabla meno hayajaingiana, koni mbili zinagusana kwanza, na msuguano wake unalinganisha mwendo wa pande zote mbili. Kazi iliyokuwa ya sikio la dereva ikahamia kwenye chuma. Kinachonivutia zaidi ni kwamba Thompson huyohuyo baadaye aliongoza kundi lililotengeneza Hydra-Matic, gia boksi inayojibadilisha yenyewe, iliyoingia sokoni kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Mtu mmoja alianza kwa kuupunguzia mkono kazi, akamaliza kwa kuustaafisha.

Lakini dunia haipokei dawa kwa siku moja. Land Rover iliyozinduliwa 1948, gari ambalo kwa miongo mingi lilibeba mabwana shamba, mapadri, wagonjwa na wapiga kura wa vijijini kwetu, ilikuwa na sinkromeshi kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ya kwanza na ya pili ulijitegemea. Ilibidi kusubiri toleo la Series III la mwaka 1971 ndipo gia zote za kwenda mbele zipate msaada huo. Sasa fikiria: gia ya kwanza na ya pili ndizo hasa za milimani na kwenye matope. Yaani pale penye kazi ngumu zaidi ndipo chuma kilipomwachia binadamu.

Na kazi ngumu ilikuja. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia, na Zambia ikajikuta imekatwa njia yake ya kusini. Mafuta na shaba vikageuziwa Dar es Salaam. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania ya kusafirisha mizigo kwa malori, na barabara ya vumbi kutoka pwani hadi Tunduma ikapewa jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa 1968, na reli ya TAZARA ikafuata miaka ya 1970. Lakini katikati ya hapo, uchumi wa nchi nzima jirani ulining'inia kwenye klachi za madereva waliokuwa wakiteremka Kitonga usiku.

Tunduma ndipo barabara ya kwetu inapochepuka kupanda Ufipa. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa 1974, haukukaa muda kabla ya kuhesabiwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, kuwa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya kulisha taifa. Mahindi yalikuwepo. Lami haikuwepo. Lori lililojaa magunia lilitoka Sumbawanga, likapita Mpui na Laela kwenye udongo ambao masika huteleza kama sabuni, na juu ya magunia walikaa watu. Hapo ndipo kubadili gia kwa ulaini kulikuwa zaidi ya maringo. Dereva akiachia klachi kwa pupa, lori linaruka, na aliyekaa juu anaweza asifike. Utingo alijifunza yote hayo miaka kadhaa kabla hajaruhusiwa kugusa usukani, kwa kukaa kushoto, kusikiliza, na kuweka jiwe chini ya tairi.

Mzee aliyenifundisha Izia alikuwa ametokea kwenye ngazi hiyo, utingo kwanza, dereva baadaye. Alikataza kutazama chini. "Mwanangu, gia haionwi. Sikiliza injini, yenyewe itakuomba." Nami najibu, "Sawa mzee," huku sisikii ombi lolote. Lakini baada ya majuma kadhaa kweli unaanza kulisikia: sauti inapanda, inakaza, na kuna sehemu ambapo mkono unaenda wenyewe. Kuhusu klachi alisema nusu ya juu usiiharakishe, kwa sababu ndiyo inaposhika. Unahisi gari linainua pua kidogo, unatulia hapo, unaongeza mafuta, ndipo unaachia. Hakuwahi kusikia jina la Earl Thompson. Ila alipiga resi kidogo kila aliposhusha gia, hata kwenye pikapu yenye sinkromeshi kamili. Mguu wake ulikuwa unakumbuka gari jingine.

Kisha ikaja ruksa. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza kuanzia 1985 hadi 1995, milango ya biashara ilifunguliwa, na magari yaliyotumika Japani, nchi inayoendesha upande wa kushoto kama sisi, yakaanza kumiminika. Mengi ya hayo magari madogo ni otomatiki. Februari 2008 Tanzania ikasaini mkataba na shirika la Marekani la MCC, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ikawa miongoni mwa zilizopata lami. Sitaki kuwasikitikia madereva wa vumbi. Lami imeokoa wajawazito na mazao, na otomatiki imewapa usukani watu wengi ambao zamani wangeambiwa hawawezi.

Ila mlima haujabadilika. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Bonde la Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Anayeshuka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze anaporomoka kilomita nzima kwenda chini. Uzito wote huo lazima uzuiwe na kitu. Ukitegemea breki pekee, zinapata moto, na breki iliyopata moto kupita kiasi hupoteza nguvu polepole, bila kukatika chochote. Ukiwa gia ndogo, injini yenyewe inakushika. Wapo wanaoshuka na nyutro wakidhani wanaokoa mafuta. Hesabu hiyo ilikuwa na mantiki enzi za kabureta. Injini nyingi za kisasa hukata mafuta kabisa gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, kwa hiyo anayeweka nyutro anatumia zaidi na anajinyima breki ya bure. Hata otomatiki ina nafasi ya gia ndogo, L au 2, ambayo wengi hawajawahi kuigusa tangu wanunue gari.

Kwenye taarifa za ajali, kutoka Iwambi na Mbalizi kule Mbeya hadi kwetu, sentensi hujirudia: "gari lilifeli breki." Sarufi yake ni kama ya radi: jambo lilitokea, hakuna mtendaji. Siasa zetu zimepata "kubadili gia angani", msemo uliovuma mwaka 2015 Edward Lowassa alipohamia CHADEMA, na tuliufurahia. Mteremkoni hautufai. Pale juu, kabla barabara haijainama, gari likiwa bado linasikia, kuna sekunde chache ambapo mtendaji yupo na mkono wake wa kushoto upo huru. Methali ya madereva inahusu sekunde hizo. Ukizipita, mlima ndio utakaochagua gia.