Bismack Biyombo: mtoto wa Lubumbashi aliyeishi kwa mipira iliyokosa kikapu

Tarehe 21 Mei 2016, katika mji wa Toronto nchini Kanada, mtoto wa Lubumbashi aliokota mipira 26 katika mechi moja ya basketi. Yote ilikuwa imetupwa kuelekea kikapu ikakosa, ikadunda kwenye chuma au kwenye ubao, na kila mara mikono yake ndiyo iliyofika wa kwanza. Yeye mwenyewe alifunga pointi 7 tu usiku huo. Lakini timu yake, Toronto Raptors, ilishinda kwa 99 dhidi ya 84, na waliofungwa walikuwa Cleveland Cavaliers wa LeBron James, timu ambayo ilikuwa haijapoteza hata mechi moja kati ya 10 za mchujo wa mwaka ule.

Jina lake ni Bismack Biyombo. Mipira ile 26 iliandikwa kama rekodi ya Raptors kwa mechi za mchujo wa ubingwa.

Vijana wanaocheza basketi katika viwanja vya shule huko Ibanda, Kadutu na Bagira wanajua jinsi mchezaji anavyopimwa mtaani. Swali la kwanza ni lilelile: amefunga ngapi? Kwa kipimo hicho, Biyombo hangekuwa na habari ya kuandikwa. Katika maisha yake yote ya kazi kule Marekani, wastani wake umekuwa kama pointi 5 kwa mechi. Hakuwahi kuchaguliwa katika mechi ya nyota wa ligi. Hata hivyo amedumu katika NBA, ligi ya basketi iliyo ngumu kuliko zote duniani, kwa misimu 14 hadi mwaka 2025, wakati wachezaji wengi huingia humo na kuondolewa ndani ya miaka michache. Historia yake inafaa kufuatwa hatua kwa hatua, maana inaonyesha kazi ambayo wengi hawaioni.

Kutoka Lubumbashi hadi Hispania

Biyombo alizaliwa Lubumbashi tarehe 28 Agosti 1992, wakati nchi ikiitwa bado Zaire. Alikulia katika familia ya watoto saba, katika mji wa Kiswahili kama wetu, ingawa Kiswahili cha Katanga kina ladha yake. Baba yake, François Biyombo, alikuwa mtu aliyemtegemea sana, na jina hilo litarudi mbele katika habari hii.

Akiwa na miaka 16 hivi aliondoka nyumbani kwenda kutafuta mpira. Hakuanzia Ulaya wala Marekani, alianzia Yemeni. Kutoka huko alifika kwenye mashindano ya vijana mjini Amman, Yordani, na ndipo kocha mmoja Mreno, Mário Palma, alipomwona. Palma alikuwa mtu anayeijua Afrika. Alikuwa amefundisha timu ya taifa ya Angola, iliyotawala basketi ya bara letu kwa miaka mingi. Alichokiona ni kijana mwenye urefu wa mita 2 na zaidi, mwenye mikono mirefu ajabu: ukiipima kutoka ncha ya kidole cha mkono mmoja hadi ncha ya mwingine, unakaribia mita 2.3. Palma alimpeleka Hispania, katika klabu ya Fuenlabrada, karibu na Madrid.

Mwezi Januari 2011 Biyombo alicheza mechi yake ya kwanza katika ligi kuu ya Hispania. Miezi mitatu tu baadaye, mwezi Aprili, aliitwa Portland, Marekani, katika mechi ambayo kila mwaka hukutanisha vijana bora wa Marekani na vijana bora wa nchi nyingine. Watu wengi waliokuwa uwanjani hawakumjua. Alimaliza mechi akiwa na pointi 12, mipira 11 aliyookota na mipira 10 aliyoizuia hewani. Katika basketi, kufikisha 10 katika mambo matatu ndani ya mechi moja ni jambo gumu. Katika historia ya mechi ile ya vijana, hakuna aliyekuwa ameliweza kabla yake.

Sifa hizo zilikuja na mashaka. Huko Marekani baadhi ya watu waliuliza kama kweli ana miaka 18. Mkongomani yeyote aliyewahi kusimama mbele ya meza ya ofisi ya kigeni akiwa na karatasi zake mkononi anajua uzito wa swali kama hilo. Ligi ilimpokea kwa tarehe iliyo kwenye hati zake. Mwezi Juni 2011, siku ambayo timu za NBA huchagua wachezaji wapya, aliitwa wa 7. Sacramento Kings ndio waliomtaja, lakini haki zake zilihamishiwa papo hapo kwa Charlotte Bobcats, timu iliyokuwa mali ya Michael Jordan.

Mwaka wa kushindwa

Watu hupenda kuhadithia siku ya kuchaguliwa na kuishia hapo, kana kwamba mlango ukifunguka safari imekwisha. Kwa Biyombo, mlango ulifunguka kwenye nyumba iliyokuwa ikibomoka. Msimu wa 2011-2012 ulifupishwa kwa sababu ya mgogoro kati ya wenye timu na wachezaji. Katika mechi 66, Charlotte ilishinda 7 na kupoteza 59. Mechi 23 za mwisho zote ilipoteza, moja baada ya nyingine. Ukihesabu ushindi kwa kulinganisha na idadi ya mechi, hakuna timu iliyowahi kufanya vibaya zaidi ya hapo katika historia ya NBA.

Kijana wa miaka 19, mbali na nyumbani, katika lugha aliyokuwa bado anajifunza, alikuwa akienda kushindwa karibu kila usiku. Alikaa Charlotte miaka minne. Alijifunza kazi yake hapo: kusimama karibu na kikapu, kumsukuma kwa mgongo mtu mzito kuliko yeye, kusoma mpira ungali hewani ili kujua utaangukia upande gani.

Inafaa kueleza kazi hiyo kwa wasiocheza. Katika basketi ya kiwango cha juu, zaidi ya nusu ya mipira inayotupwa hukosa kikapu. Kila mpira uliokosa huwa hauna mwenyewe kwa sekunde moja au mbili. Anayeupata ndiye anayeipa timu yake nafasi ya kushambulia, au kuinyima timu nyingine nafasi ya pili. Vijana wetu huita kitendo hicho rebondi. Hakiongezi hata pointi moja kwenye ubao wa matokeo, lakini timu isiyo na mtu wa rebondi haifiki mbali.

Toronto, 2016

Mwaka 2015 Charlotte ilimwacha, naye akasaini na Toronto kwa fedha ndogo kwa kipimo cha ligi hiyo. Aliletwa kama msaidizi wa Jonas Valančiūnas, jitu kutoka Lituania. Hakukosa hata mechi moja kati ya 82 za msimu. Tarehe 17 Machi 2016, dhidi ya Indiana Pacers, Valančiūnas akiwa hayupo, aliokota mipira 25, idadi ambayo hakuna mchezaji wa Raptors aliyekuwa ameifikia katika mechi moja.

Kisha Valančiūnas akaumia katikati ya mchujo, katika raundi ya pili dhidi ya Miami Heat. Biyombo akapewa nafasi ya kuanza. Mechi ya saba, ile ya kuamua nani anaendelea na nani anarudi nyumbani, alifunga pointi 17 na kuokota mipira 16, na Toronto ikashinda 116 kwa 89. Kwa mara ya kwanza katika historia yao Raptors walifika fainali ya upande wa Mashariki.

Huko waliwakuta Cleveland, wakapigwa vibaya mara mbili: 115 kwa 84, kisha 108 kwa 89. Watu walisema imekwisha. Ndipo ukaja usiku wa mipira 26. Raptors walishinda mechi hiyo na iliyofuata, na ingawa hatimaye Cleveland ilipita kwa mechi 4 dhidi ya 2 na kwenda kuchukua ubingwa, mji mzima wa Toronto ulikuwa umelijua jina la Kikongomani.

Kila alipouzuia mpira wa adui, Biyombo alinyanyua kidole cha shahada na kukitikisa: hapana, hapa hupiti. Wakongomani waliitambua ishara hiyo mara moja. Ilikuwa ya Dikembe Mutombo.

Njia iliyokuwa imefunguliwa

Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa mwaka 1966, alikwenda Marekani kusoma akitamani kuwa daktari. Aliingia NBA mwaka 1991, akacheza miaka 18, na akatajwa mlinzi bora wa ligi mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Alizuia mipira 3,289, na katika historia yote ya NBA ni mtu mmoja tu aliyezuia zaidi yake. Mwaka 2007, Kinshasa ilipata hospitali ya vitanda 300 yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ambayo sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka mfukoni mwake. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024 akiwa na miaka 58, kwa kansa ya ubongo.

Mutombo hakuwahi kupata ubingwa wa NBA. Aliyeupata ni Mkongomani mwingine, Didier Ilunga-Mbenga, mzaliwa wa Kinshasa aliyefika Ubelgiji kama mkimbizi. Alikuwa na Los Angeles Lakers walipotwaa ubingwa mwaka 2009 na 2010.

Na kuna wa karibu nasi zaidi. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma, ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 2002. Mwaka 2021, miaka kumi kamili baada ya Biyombo, naye aliitwa wa 7, akiwa na miaka 18 kama mwenzake. Mwaka 2022, katika msimu wake wa kwanza, alikuwa bingwa na Golden State Warriors. Mtu akiuliza kama Kivu inaweza kutoa mchezaji wa kiwango hicho, jibu limekwisha kutolewa.

Fedha, na baba

Baada ya mchujo wa 2016, Orlando Magic walimpa Biyombo mkataba wa miaka minne ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 72. Hizo ni fedha ambazo mipira iliyokosa kikapu ilimletea. Timu yenyewe haikufika mchujo katika miaka miwili aliyokaa huko. Mwaka 2018 alirudishwa Charlotte. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, alituma Kongo vifaa vya kinga vya waganga, vikiwemo barakoa 10,000.

Mwaka 2021 baba yake alifariki. Biyombo alikaa nje ya ligi kwa miezi, bila timu. Tarehe 1 Januari 2022 Phoenix Suns walimsainisha mkataba wa siku kumi. Mtu aliyekuwa na mkataba wa mamilioni sasa alikuwa kama kibarua, anaitwa kwa siku, akifaa anabaki. Alifaa, akabaki, na Phoenix ilimaliza msimu huo na ushindi 64, zaidi ya msimu wowote mwingine katika historia yake.

Kisha akatangaza kwamba mshahara wake wote wa msimu huo, zaidi ya dola milioni 1.3, utakwenda kujenga hospitali nchini Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake. Njia ile ya Mutombo, kutoka kikapu hadi kitanda cha mgonjwa, ilikuwa imepata mtu wa pili.

Baada ya hapo alipita Memphis, kisha Oklahoma City, na mwezi Februari 2025 akajiunga na San Antonio Spurs. Familia nyingi za Bukavu zitaukumbuka mwezi huo kwa mambo mengine. Wengi walikuwa wamebeba watoto na magodoro, hakuna aliyefuata matokeo ya mechi za Marekani.

Kinachobaki

Si kila kijana wa Bukavu, au wa familia iliyohama Masisi, Kalehe au Uvira, atafika NBA. Karibu wote hawatafika, na si vema kuwadanganya. Urefu wa Biyombo haufundishwi. Lakini kusoma mpira unaporuka, kuweka mwili mahali pake kabla ya wengine, kurudi tena baada ya kupoteza mechi 59: hayo hufundishwa popote penye chuma, ubao na mpira mmoja.

Kocha wa vijana anayehesabu pointi tu katika mazoezi atawaona wawili watatu wenye mikono ya kufunga. Akianza kuhesabu na rebondi, akaandika kwenye daftari nani ameokota ngapi, ataona wengine: mkimya, mgeni aliyefika juzi kutoka kijijini, asiyepewa mpira na wenzake kwa sababu hawajamzoea. Huyo mpira hupewi, unaufuata mwenyewe unapoanguka. Biyombo aliufuata mara 26 kwa usiku mmoja, na daftari la Toronto lina hesabu yake.