Amiri Baraka: Kiswahili cha Newark na haki ya kuchagua lugha

Mwaka 1934 alizaliwa Newark, jimbo la New Jersey, mtoto aliyeitwa LeRoi Jones, baba yake akiwa mfanyakazi wa posta. Alipofariki Januari 2014, dunia ilimjua kwa jina la Amiri Baraka. Katikati hapo ndipo penye historia inayotuhusu. Alikuwa tayari na sifa New York kwa mashairi yake na tamthilia ya Dutchman ya 1964, lakini Malcolm X alipouawa Februari 1965 aliwaacha rafiki zake wa mjini, akafungua jumba la sanaa Harlem, kisha akarejea Newark. Huko alipewa jina la Kiarabu, Ameer Barakat, na mwanaharakati Maulana Karenga akaligeuza kuwa la Kiswahili. Watoto wa shule aliyoianzisha na mkewe Amina walifundishwa nguzo saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Wala hayakuwa maneno ya kupamba ukuta tu. Kundi lake lilifanya kampeni mtaa kwa mtaa, na mwaka 1970 Newark ikampata Kenneth Gibson, meya wake wa kwanza mweusi.

Wapo wanaosema Kiswahili hicho kilikuwa cha kuazima, kwa kuwa mababu wa Wamarekani weusi walio wengi walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na Kati. Ni kweli walitoka huko, lakini hoja hiyo haisimami, na mkoa wa Songwe unatosha kuijibu. Bibi wa Kinyiha wa Mbozi na babu wa Kinyamwanga wa Momba hawakuzaliwa na Kiswahili. Kiliwafikia kwa biashara, shule na siasa, wakakifanya chao. Leo mpakani Tunduma, anayebadilisha kwacha kwa shilingi na dereva anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde wanaelewana kwa lugha hiyohiyo, na hakuna anayemuuliza mwenzake ukoo wake. Ikiwa Mnyiha ana haki ya kukichagua Kiswahili, kwa nini mtu wa Newark, aliyenyang'anywa lugha zote za mababu zake, anyimwe?

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Baraka alikiacha Kiswahili njiani. Juni 1974 alihudhuria Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati reli ya TAZARA ikiwa imeshapita Tunduma na ujenzi ukiendelea Zambia. Mwaka huohuo aligeukia Umaksi, akaiacha lakabu yake ya Imamu na kuukosoa utamaduni usiogusa mkate wa maskini. Ukosoaji huo ulikuwa wa haki, hasa kwa kuwa mafundisho yale ya Karenga yaliwaweka wanawake nyuma ya waume zao, jambo ambalo Amina mwenyewe alilipinga. Hata hivyo aliyoyaacha ni mafundisho, jina hakuliacha. Mwaka 2014, miezi michache baada ya mazishi yake, wapiga kura wa Newark walimchagua mwanawe, Ras Baraka, kuwa meya.

Historia ya Kiswahili tunayosimuliana huanzia pwani, hupitia kwa Wajerumani na Waingereza, na huishia kwa TANU. Walimu wa Vwawa na Tunduma, ongezeni Newark katika orodha hiyo.