Gasketi, gundi na historia iliyojificha kwenye tone la oili

Wasomaji wangu, leo tuipumzishe siasa kidogo. Twende kusini, Chilangala kule Newala, juu ya uwanda wa Makonde, tukazungumzie oili inayovuja. Usicheke! Kwenye tone la oili ya gari kuukuu kuna historia ya nchi hii ambayo shuleni hatukufundishwa.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Wakati huo Waingereza walikuwa tayari wanahangaika na mpango wao wa karanga, ambao kwa upande wa kusini ulikuwa Nachingwea, jirani na Masasi. Mpango ukafa 1951. Land Rover haikufa. Ikawa gari la bwana shamba, la misheni, na baada ya uhuru la mkuu wa wilaya. Injini yake ilizuiwa kuvuja kwa gasketi za karatasi ngumu na za lile gome laini la vizibo vya chupa za mvinyo. Ukifungua injini, unaweka gasketi mpya. Rahisi, kama unayo.

Shida ni kwamba hatukuwa nayo. Bei ya mafuta ilipanda 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978 hadi 1979. Fedha za kigeni zikakauka, spea ikawa dhahabu. Mwaka 1983 Sokoine akatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Fundi wa wilayani afanye nini? Akachukua boksi la karatasi, akalilaza juu ya chuma na kuligonga taratibu pembeni kwa nyundo ndogo mpaka ncha ya chuma ikalikata lenyewe. Akapaka grisi, akafunga, gari likaondoka.

Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Milango ikafunguka, na kadiri miaka ilivyokwenda zikaja tyubu za silikoni. Siku hizi kijana wa gereji hakati karatasi, anakamua tyubu.

Mjomba wangu ana Land Rover ya aina ya 109 inayobeba korosho msimu ukifika, na wagonjwa usiku wowote. Inavuja. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, lakini safari hii aliniuliza mimi "msomi" tutumie gundi gani. Nikaenda kwa mafundi, wazee na vijana, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, usinunue gundi kabla ya kukagua kipumulio cha injini. Kikiziba, presha ya ndani itasukuma oili nje hata ukipaka ndoo nzima. Pili, chungulia tundu lililo chini ya nyumba ya flaiwili. Kama oili inadondoka hapo, sili ya nyuma ya krenkishafti inashukiwa, na hakuna gundi ya kupaka nje itakayoitibu.

Tatu, silikoni hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, na ni nzuri kwenye kona za sampu ambako chuma hakilali sawasawa. Lakini ukizidisha, inayobaki hujikamua kwa ndani, hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Hapo injini inakufa kwa kiu huku oili imejaa! Nne, zipo gundi zisizokauka kabisa, kama Hylomar iliyobuniwa kwa injini za ndege za Rolls-Royce. Unapaka nyembamba juu ya karatasi, na kesho unaweza kufungua tena bila kukwangua.

Jibu nililompa mjomba: karatasi ikatwe kwa mkono na kupakwa gundi isiyokauka, silikoni kwenye kona tu, kava la juu libaki na gasketi yake bila gundi yoyote.

Sisifii shida. Uhaba ule uliwaumiza wazazi wetu. Ninachosema ni kwamba shida ilizaa ujuzi, na ujuzi ule haukuandikwa popote. Wazee waliokata gasketi kwa nyundo wanaondoka mmoja mmoja, nasi tunadhani teknolojia ni kile tu kinachokuja ndani ya kontena. Mwenye fundi mzee mtaani kwake akakae naye, aandike.

Naomba kutoa hoja.