Bima ya pikipiki: Namna ya kulinganisha ada bila kupoteza kinga

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

Katika kata ya Mazinde, wilayani Korogwe, pikipiki ni kiungo kati ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha na makazi yaliyo ndani ya mashamba ya mkonge na vijiji vya pembezoni. Abiria anayeshuka basi, mgonjwa anayekwenda zahanati na mkulima mwenye gunia la mahindi wote huitegemea bodaboda. Pikipiki hizo hupita katika barabara ileile inayotumiwa na malori na mabasi ya masafa marefu. Kwa sababu hiyo, swali la bima si la stika pekee, bali ni la nani atakayelipa pindi ajali itakapotokea.

Makala haya yanaeleza aina za bima ya pikipiki, mambo yanayopandisha au kushusha ada, na hatua za kufuata kabla ya kulipa.

Sheria inataka nini

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo cha moto kinachotumika barabarani kuwa na bima ya dhima kwa mtu wa tatu. Sekta ya bima nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mamlaka hiyo husajili kampuni, madalali na mawakala, na huweka viwango vya chini vya ada za bima ya vyombo vya moto.

Hadi miaka ya 1990 Shirika la Bima la Taifa (NIC), lililoanzishwa mwaka 1963, ndilo lililohodhi soko. Baada ya soko kufunguliwa, mwananchi ana kampuni nyingi za kuchagua, na ndiyo maana kulinganisha kumekuwa na manufaa.

Aina tatu za bima

Ya kwanza ni bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi huiita bima ndogo. Hii hulipa madhara ambayo pikipiki imewasababishia watu wengine. Haimlipi mwendeshaji aliyevunjika mguu, wala haitengenezi pikipiki yake.

Ya pili huongeza kinga dhidi ya moto na wizi. Ya tatu ni bima kubwa, ambayo hujumuisha pia uharibifu wa pikipiki yenyewe. Mwendeshaji anayetaka kulindwa yeye binafsi aulizie bima ya ajali binafsi, ambayo mara nyingi huuzwa peke yake au kama nyongeza.

Bei ndogo kupita kiasi ni ishara ya hatari

Kwa kuwa bima ndogo ina kiwango cha chini kilichowekwa, tofauti ya bei kati ya kampuni moja na nyingine huwa ndogo. Anayekuuzia stika kwa bei iliyo chini mno kuliko ya wengine wote huenda anakuuzia karatasi isiyo na kinga. Stika hiyo inaweza kupita machoni pa mtu kijiweni, lakini haitalipa fidia ya majeruhi hata mmoja.

Uliza pia kama bei uliyotajiwa imejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwa mfano, ada ya shilingi 50,000 ikiongezwa kodi ya asilimia 18 hufikia shilingi 59,000. Mtu aliyetajiwa 50,000 na mwingine aliyetajiwa 59,000 huenda wametajiwa bei moja.

Matumizi yaandikwe kwa ukweli

Njia moja ambayo baadhi ya waendeshaji hujaribu kupunguzia gharama ni kuikatia bodaboda bima ya matumizi binafsi. Unafuu huo ni wa muda tu. Pikipiki inayobeba abiria kwa malipo inapaswa kukatiwa bima ya biashara, kwani kampuni inaweza kukataa dai pale matumizi halisi yanapotofautiana na yaliyotajwa katika hati.

Kwa pikipiki ya mkataba, ambayo mwendeshaji huilipia kidogo kidogo hadi iwe yake, ni muhimu makubaliano yaeleze nani atalipa ada, jina la nani litaandikwa katika hati, na fidia italipwa kwa nani ikiwa pikipiki itaibwa kabla deni halijaisha.

Mahali penye tofauti ya kweli

Katika bima kubwa ndimo kulinganisha huleta faida zaidi. Ada hutegemea thamani ya pikipiki, matumizi yake na sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujilipia mwenyewe.

Tuchukue mfano usio wa viwango rasmi. Kampuni ya kwanza inatoza shilingi 120,000, lakini mmiliki hubeba shilingi 300,000 za mwanzo za kila hasara. Ya pili inatoza 150,000, na mmiliki hubeba 100,000. Hasara ikiwa 700,000, ya kwanza italipa 400,000 na ya pili 600,000. Aliyeokoa 30,000 wakati wa kulipa ada amepoteza 200,000 wakati wa ajali.

Vilevile, thamani isishushwe ili kupunguza ada, maana fidia nayo inaweza kupunguzwa kwa uwiano huohuo.

Hatua za kufuata

1. Pata bei kutoka kwa kampuni au mawakala wasiopungua watatu, kwa aina ileile ya bima na matumizi yaleyale. Dalali wa bima anaweza kukulinganishia kampuni kadhaa kwa pamoja.

2. Hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa na TIRA.

3. Lipa kwa njia yenye kumbukumbu na udai risiti. Bima haianzi kabla ada haijalipwa.

4. Hakiki stika katika mfumo wa TIRA-MIS mtandaoni kabla ya kuondoka, na ulinganishe namba ya usajili, aina ya bima na tarehe ya kuisha.

5. Hakikisha kila anayeendesha pikipiki hiyo ana leseni ya daraja husika.

6. Ajali ikitokea, toa taarifa Polisi na kwa kampuni ya bima mapema. Majeruhi apatiwe fomu ya PF3, na nakala za nyaraka zote zitunzwe.

Vikundi vya bodaboda vinaweza pia kuomba bei kwa pamoja, hasa kwa bima kubwa na bima ya ajali binafsi.

Dai likikataliwa au kucheleweshwa, mwananchi aanze kwa kuilalamikia kampuni kwa maandishi. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha lalamiko TIRA au katika Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.